Ubao Mweupe wa Lubunga

Enzi zetu hapa Lubunga, kando ya mto, kila mtoto alikuwa na ubao wake. Sisemi ubao wa shule. Huo niliuacha darasa la tatu, na sijafa. Nasema ubao wa kukalia, kwenye terasi, baraza ya mbao aliyoijenga papa, baba yetu, mbele ya nyumba, maana mvua ya huku haiombi ruhusa na ua wetu ulikuwa tope tupu.

Papa alitupeleka kwa mpasuaji wa mbao ukingoni mwa mto, mimi na dada zangu wawili, akatoa sheria moja: "Kila mutu achague yake. Atakalia ile, atapaka ile mafuta. Ikioza, atakula chini."

Dada zangu walichagua kambala, mbao nzito za rangi ya chai, hazina hata sura. Mimi nikaona limba: nyeupe, laini, nyepesi, nikajitwika kichwani nikiimba. Mpasuaji akacheka. "Papa, utaleka mutoto achukue ile? Ile iko ya kabati, haiko ya mvua."

"Leka. Mvua itamufundisha."

Raha iliyokuwa juu ya terasi ile! Papa aliinua mbao juu ya mawe zisiguse udongo, akaacha nafasi kati ya ubao na ubao. Kipimo kilikuwa kidole cha dada yangu mdogo, aliyekinyoosha kama malkia mpaka kazi ikaisha. Maji yalipita humo shwaa, pamoja na gololi zetu na vijiko vya mama. Kila kiangazi tulipaka ncha za mbao mafuta meusi ya injini. "Mbao inakunywaka maji kwa kichwa," papa alisema. Tulitoka weusi hadi masikioni. Dada zangu wakicheza nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu, miguu ilipiga kama ngoma, na mama akafoka jikoni kwamba lituma yake, ndizi za kuponda, inaruka kwenye sahani.

Kambala zililia ngo, ngo. Wangu ukaanza kulia bwe, kama kitu kilichooza ndani. Nilipaka mafuta kwa siri, mara mbili, mara tatu, nikawa nakaa polepole kama mwenye jipu. Nilijua. Sikutaka kula chini.

Siku moja tantine, dada mdogo wa papa, akafika kutoka Yanonge na kikapu cha samaki wa moshi. Mwanamke mnene, mwenye furaha. Akapanda akicheza, mguu ukazama kwenye limba hadi gotini. Nikaanza kulia.

"Yaya," akamwambia papa, kwani ndiye kaka yake mkubwa, "terasi yako inakulaka watu?" Akacheka hata akashindwa kuutoa mguu. Tulimvuta tukicheka, na mimi machozi usoni.

Lakini sheria ni sheria. Nilikula chini siku nne, dada zangu wakinidondoshea miiba ya samaki. Siku ya tano papa akanirudisha kwa mpasuaji. Nikagonga mbao, nikanusa, nikachagua moja, nikajaribu kuinua. Ikanishinda.

"Hii," nikasema. Papa akaibeba mwenyewe.

Ufundi wangu wote wa mbao ulianzia kwenye tope lile. Leo wajukuu wananiletea picha ya mbao kwenye simu: "Koko, hii iko muzuri?" Gonga picha basi, tusikie!

Papa hayupo tena. Mbao zetu tatu bado zipo pale pale. Jumapili dada zangu wakivuka mto kuja kwangu, wajukuu hutupangia viti vya plastiki, wao wenyewe hukaa popote. Sisi wazee tunavipita viti, tunashuka chini magoti yakilia, kila mtu kwenye ubao wake, na hakuna anayekosea.