Mjozi wa Bi Kuruthum na Mkono wa Badriya

Badriya alitoka mjini Nizwa mara tu baada ya kusali alfajiri, na njia nzima ya kupanda mlima wa Jabal Akhdar aliushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba utaibiwa. Mkono wa kulia ulikuwa ukimtetemeka tangu Ramadhani. Hakuna aliyejua, na ambaye hakutaka kabisa ajue ni binti yake Tufool, ambaye angemnyang'anya ufunguo wa gari siku hiyohiyo. Basi mwanamke mzima wa miaka sitini na mbili akajiwekea sharti la kitoto: nikiupiga picha ule mti kwa mkono wangu, siumwi, na simwambii mtu. Nikishindwa, namwambia Tufool leo leo.

Mti wenyewe ni mjozi, mti mkubwa wa kokwa za jozi, kwenye shamba la Bi Kuruthum, mzaliwa wa Unguja kama Badriya, aliyeolewa huko mlimani enzi za kupanda kwa punda. Kila Novemba majani yake hugeuka manjano. Jua likichomoza juu ya jabali, kwa dakika kama kumi mti huwaka wote, na ukuta wa mawe nyuma yake bado umo kivulini; picha ni hapo tu. Badriya alipiga watu eksirei hospitalini miaka thelathini. Alipostaafu akanunua kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa cheusi, na kila mwaka huja na filamu zake bapa, kila moja ya picha moja tu. Safari hii alikuwa na mbili tu. Nyingine nne alizikwaruza jana gizani alipokuwa akizitia kwenye makasha yake, na hilo nalo alilimeza.

"Shikamoo, Bi Kuruthum," alisema alipofika shambani.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo mitambo yako utaifunga baadaye. Yalla, kaa unywe kahawa."

Hapo huwezi kukataa, labda uwe umekuja kutafuta ugomvi. Badriya akala tende, akapokea finjani kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ni utovu wa adabu. Sasa, desturi ya huko ni kwamba mgeni asiyetaka tena huitikisa finjani, asipoitikisa, atamiminiwa. Bi Kuruthum aliinua dele la kahawa, akaiona finjani inatikisika, akalirudisha chini.

"Khalas? Moja tu? Kahawa yangu ina nini leo?"

"Nzuri mno, bibi. Niongeze."

Akamwongeza. Finjani ikacheza tena, kahawa ikamwagikia abaya. Bi Kuruthum aliutazama ule mkono, kisha akatazama pembeni. Badriya aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Afadhali angeulizwa.

Jua likatoka, kamera imekwisha kusimamishwa mbele ya mti. Mjozi ukawaka kuanzia kileleni. Badriya alipachika kasha la kwanza, akavuta kile kibao chembamba kinachoikinga filamu na mwanga, na mkono ukaruka. Mguu mmoja wa kamera ukateleza kwenye jiwe, kidole kikafyatua. Filamu ya kwanza imekwenda. Ilibaki moja, na ukuta ulikwisha kuanza kupata mwanga juu.

Alipanga upya. Kasha la pili liliingia alipojaribu mara ya tatu. Akavuta kibao, akashika waya wa kufyatulia, na waya wote ukatetemeka, na kamera pamoja nao. Alijaribu kuubana mkono kwa mkono mwenzake. Mtetemo ukahamia mabegani. Majani mawili yakaanguka. Aliogopa, na hakuwa akiogopea picha tena.

"Bi Kuruthum," alisema, "njoo unishikie."

"Mie? Mie hata simu ya wajukuu siiwezi!"

"Nikisema sasa, bonyeza. Usivute."

Bibi akaushika waya kwa vidole vyake vikavu, vimetulia tuli. Upepo ukapungua. Badriya, kwa mazoea tu, akauambia mti alivyokuwa akiwaambia wagonjwa:

"Vuta pumzi. Zuia."

Bi Kuruthum naye akazuia.

"Sasa."

Kamera ikalia, ta-ta. Kibao kikarudishwa, na papo hapo ukuta wote ukajaa jua.

"Imetoka?"

"Imetoka, inshallah."

"Basi umepata picha yako. Na huo mkono mie sikuuona, wallahi. Huyo bintiyo akijua itamsaidia nini?"

Badriya alifurahi, tena sana. Nani angejua? Akatoa kalamu aandike kwenye kasha, maana hospitalini hakuna filamu iliyotoka bila jina la aliyeipiga, iwe nzuri iwe mbovu, na katika miaka thelathini hakuwahi kutia jina lake kwenye kazi ya mwenzake. Akaandika tarehe. Akaandika: Kuruthum. Herufi zilipanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Alizitazama kitambo, kisha akachukua simu.

"Tufool, mwanangu. Njoo unichukue Jabal. Uje na mtu wa kuishusha gari yangu."