Dawa ya Gari

Baba yangu hakuwa na neno kulanti kinywani mwake. Kwake ile ilikuwa dawa. "Gari linadai dawa," angesema, na sisi nyumbani Magomeni ya huku kusini tulijua ni ile ya kijani inayokaa kwenye rejeta, wala si nyingine. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, milango miwili rangi mbili, na aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Ninalisema hilo kwa uchungu na sitalifuta.

Watu wengi huku wanatia maji tu na kwenda zao mpaka siku gari linachemsha njiani. Baba hakutaka hata kusikia. Maji ya kisima cha Mahurunga, alikokuwa na shamba la mikorosho, yana chumvi. Yakikaa kwenye injini chuma kinaoza. Na dawa nayo huchoka. "Usidanganywe na rangi," aliniambia. "Inaweza kuwa kijani bado na imeshakufa. Gari jipya litakuvumilia, hili mzee mwenzangu halivumilii." Kwa hiyo alihesabu kwa korosho: kila msimu wa pili, mavuno yakielekea kuisha, anamwaga yote, anasuuza rejeta, anatia mpya. Ilikuwa asubuhi, injini baridi, mama akimshikia faneli. "Shika vizuri, mama watoto, unanywesha viatu vyangu." Mama anasonya, kisha wanacheka wote wawili. Mzaha ule ule kila mara!

Mwaka jana msimu wa pili ulifika. Kabla ya kwenda Mahurunga kumalizia kuokota korosho, baba alifungua kifuniko cha rejeta akatuonyesha: maji yamekuwa kahawia kama chai iliyolala. "Nikirudi tu," alisema, akaiwasha pikapu akaondoka nayo.

Siku chache baadaye akapiga simu. Kule karibu na Ruvuma simu ina wazimu wake. Mara mtandao umerukia Msumbiji, sauti inakatikakatika. Mama alisikia maneno haya tu: "Dawa imekwisha. Nitumie na kosta ya asubuhi." Basi, mama mbio hadi duka la spea, akanunua galoni ya kijani, akaifunga kamba na kumkabidhi dereva. Jioni ile alijisifu kweli. "Baba yenu akizembea, mimi nakumbuka."

Baba akapiga tena, safari hii sauti safi. "Mzigo nimeupata, mama watoto. Ahsante sana. Jumamosi nakuja mjini." Hakusema zaidi.

Ijumaa akaanguka shambani. Kiharusi. Walipomfikisha hospitali hakuwa akiweza kusema, na alfajiri alituacha.

Msibani, jirani yake wa shamba akamwambia mama, bila ubaya wowote: "Shemeji, vidonge vyake vya presha vilimwishia wiki ile. Alisema ameshakuagiza." Nilikuwa nimekaa karibu. Nilitamani kumfukuza yule mzee pale pale. Angenyamaza angepungukiwa nini, jamani?

Mama akakaa eda na neno lile moja. Dawa. Kufiwa angestahimili, nadhani. Kilichomla ni ile ahsante. "Alinikejeli," aliniambia. "Mtu anaomba dawa ya mwili wake, unampelekea ya gari, anakwambia ahsante sana. Ameondoka na kinyongo na mimi, mwanangu." Nikamwambia baba hakuwa mtu wa vinyongo. "Ulikuwepo?" Sikuwepo. Galoni haikurudi pamoja na vitu vyake, na mama aliamini ameitupa kwa hasira.

Nami nilimkasirikia baba, wallahi. "Si hiyo, mke wangu, nataka vidonge." Kusema hivyo kungemgharimu nini? Lakini nilikuwa namjua. Asingekubali mama ajione mjinga hata kidogo, na Jumamosi aliiona iko karibu, angejinunulia mwenyewe mjini. Mapenzi gani hayo ya kumuua mtu!

Baba mdogo alituletea pikapu kutoka shambani, ikasimama uani, hakuna aliyegusa boneti. Mama alipotoka eda nikasema sasa yatosha. Maji machafu yale yakizidi kukaa, rejeta itatoboka na gari nalo tutalizika. Nikanunua dawa mpya. Asubuhi, injini baridi, nikaweka beseni chini. Mama akaja na faneli bila kuitwa, akasimama upande wake ule ule.

Nikafungua kifuniko.

Kijani. Safi kabisa, kama majani machanga ya muhogo. Hakuna kutu wala kahawia. Alikuwa amemwaga, amesuuza na kutia ile aliyotumiwa, peke yake, labda huku kichwa kinamgonga, bila mtu wa kumshikia faneli.

Mama aliinama akatazama ndani muda mrefu. "Hakuitupa," alisema taratibu. "Kumbe hakuitupa." Nikadhani sasa atapona. Kisha akakaa chini pale pale penye mafuta, faneli mapajani, akalia kama siku ya kwanza.

"Ya gari aliitia," alisema. "Ya gari aliitia, mwanangu. Na yake je?"