Taa Yangu ya Kibuyu

Jamani, naandika nikiwa nimejificha jikoni.

Wiki hii nimeipamba sebule yetu hapa Nangara kwa vitu vya bure. Kibuyu kikuukuu nilichokikuta stoo nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikakipaka rangi, nikatia balbu. Taa ikapendeza kweli!

Leo mama mkwe kaja ghafla kutoka Mbulu. Nikamwamkia, akaitikia huku anaitazama taa.

"Mama Neema, nzuri hii! Nitengenezee na mimi."

Nikacheka kwa raha.

"Ila," akaongeza, "usiguse kile kibuyu changu cha maziwa nilichoacha stoo. Alinipa marehemu mama siku naolewa. Ndicho nimekifuata."

Sasa hivi anafungua stoo.

Taa bado inawaka.

Mlioolewa, nisemeje?