Chai Haimiminwi Kabla ya Kurudia

Mume wangu ana masikio, mtaa mzima wa Free Area unayasifu. Watu wakigombania ukuta, mbuzi ama mtaro wa maji, hawaendi kwa chifu, wanakuja sebuleni kwangu. Sheria yake ni moja: ukimaliza kusema, mwenzako arudie maneno yako mpaka wewe mwenyewe ukubali, "Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema." Ndipo naye ajitetee. Kabla ya hapo hakuna kuonja chai. Thermosi inakaa mezani imefungwa, na watu wazima wanaikodolea macho.

Chai ni yangu. Tangawizi natwanga mwenyewe, na kesi zote nazisikia nikiwa jikoni.

Wivu ulinianza na jirani mmoja, mama wa mitumba, aliyegombana na mwenye duka juu ya mahali pa kutandika nguo zake. Waliyamaliza, wakanywa chai, lakini baada ya siku chache mama akarudi na lingine. Aki, yule anajua kuongea! Na mume wangu anamwinamia, mikono magotini: "Endelea mama, nakusikia." Nakusikia! Mimi nikimwambia unga umeisha ananijibu "mm" akiangalia simu. Kweli mganga hajigangi. Nilimchukia yule mama, na sisemi hivi kwa aibu. Si kwamba nilimshuku kwa mambo ya mapenzi. Afadhali ningemshuku, ningejua pa kuanzia. Nilichomwonea wivu ni ile "endelea" aliyoambiwa.

Mwaka jana nikaitwa kazi ya kupikia wafanyakazi wa umeme wa mvuke kule Olkaria. Ningelala huko na kurudi nyumbani wikendi. Walitaka jibu kufikia Ijumaa. Nikamwambia mume wangu akila, akasema "mm." Nikamwambia akivaa viatu, akasema "tutaona." Alhamisi mchana mama wa mitumba na mwenye duka wakaja tena. Nikaweka thermosi mezani, na badala ya kurudi jikoni nikavuta kiti.

"Na mimi nina kesi."

"Na nani?" akauliza mume wangu.

"Na wewe."

Mwenye duka akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Nikasema yote. Kwamba nimepata kazi na jibu ni kesho. Kwamba nataka kwenda, ila sitaki kwenda kama mtu anayetoroka kwake. Kwamba nawaonea wivu watu wanaogombana, kwa sababu wao husikizwa humu ndani.

"Haya, rudia," nikamwambia.

Akakohoa. "Mama watoto anasema amechoka kupikia wageni chai. Tutatafuta msichana wa kumsaidia."

"Sivyo nilivyosema."

"Anasema... hapendi wageni."

"Woi! Sivyo."

Kisha mama wa mitumba, huyo huyo, akasema akiangalia sakafu: "Amesema amepata kazi Olkaria, na jibu ni kesho. Anataka kwenda, lakini hataki kwenda kama anayetoroka kwake. Na anatuonea wivu sisi, kwa sababu sisi husikizwa."

Kati ya watu wote, ati huyu!

"Ndiyo," nikasema, "hivyo ndivyo nilivyosema."

Nikafungua thermosi. Nikammiminia yeye kwanza, kikombe kikajaa mpaka juu, halafu mwenye duka. Mume wangu akasogeza chake.

"Wewe bado."

Akainama, mikono magotini, vile anavyowafanyia wao. Nilikuwa nimengoja kuinamiwa hivyo miaka yote, na sasa kuliniudhi tu.

"Sema tena, mama watoto. Endelea, nakusikia."

"Mimi nimemaliza," nikamwambia. "Muulize huyu mama."

Kesho yake asubuhi nikapiga simu Olkaria, nikawaambia nakuja.