Kipima Moshi cha Pili

Jambo lote hili limenigharimu dola kumi na moja na senti arobaini. Nimehesabu mara mbili: pakiti moja ya skrubu za nje, waya wa umeme wa mita tatu, na kodi ya mauzo. Vifaa vyenyewe nilipewa bure. Jirani yangu litamgharimu nyumba ifikapo mwisho wa mwezi, na hiyo sijui niiandike kwenye safu ipi.

Nianze na moshi. Siku hizi kila kiangazi misitu ya Kanada inaungua na moshi unashuka mpaka kwetu, upande huu wa mpaka. Kuna siku jua linakaa angani kama chungwa lililooza na simu inatuamuru tufunge madirisha. Binti yangu ana pumu. Siku moja daktari wake aliniuliza moshi wa pale nyumbani ukoje, nikajibu kwamba ni mwingi. Akauliza, mwingi kiasi gani? Mimi ndiye ninayehesabu bidhaa kwenye stoo ya hospitali moja kule Maplewood, glavu, sindano, mipira ya dripu, kila kitu mara mbili, halafu naulizwa kiasi gani nakosa jibu mbele ya mtoto wangu. Iliniuma kuliko inavyostahili.

Ndipo nikasikia habari za mradi wa sayansi ya kujitolea uliokuwa unagawa vipima moshi. Ni vitu vidogo, umbo la kikombe cha chai kilichofunikwa. Unakifunga nje, kinavuta hewa, kinatuma namba kwenye ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Waligawa Jumamosi moja kwenye maktaba, nikaenda.

Mratibu alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia shingoni, mpole kama muuguzi wa zamu ya mchana. Kabla ya kupewa kikombe ilibidi uchague leseni ya namba zako. Akanieleza polepole kwamba ziko tatu. Ya kwanza, zitumiwe na watafiti tu. Ya pili, azitumie yeyote kwa lolote, mradi akutaje jina. Ya tatu, unaziachia kabisa: zinakuwa mali ya watu wote, hakuna kuomba, hakuna kutajwa, na ukishatoa huwezi kuzirudisha. Halafu mahali: unaonyeshwa kwenye ramani pale pale ulipo, au wanakuficha ndani ya duara pana.

Mimi nimekulia kwenye mitumba Dar es Salaam. Namjua mtu anayekwambia uchague mwenyewe huku jicho lake limetua kwenye gauni moja tu. Jicho la yule mama lilikuwa limetua kwenye ya tatu.

"Nikichukua hiyo ya tatu, na mahali kamili, unaniongezea nini?"

"Hakuna cha kuongeza, bwana. Ni kazi ya kujitolea."

"Nataka viwili."

"Kila nyumba kimoja."

"Sasa kimoja kikisema uongo, nitajuaje?"

Akavaa miwani, akanitazama vizuri. "Kweli tunahitaji nyumba chache zenye viwili, za kulinganishia," alisema. "Ila hizo lazima ziwe wazi kabisa. Namba, mahali, maelezo yote."

Nilitia sahihi kabla hajabadili mawazo. Nilirudi nyumbani New Hope kifua mbele. Nilikuwa nimetoa namba za moshi, kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi, nikapata kifaa cha pili. Sikumbuki biashara nyingine iliyowahi kunifurahisha hivyo.

Tunakaa ghorofa ya pili. Kipima cha kwanza nilikifunga upande wa maegesho ya magari. Cha pili nikakifunga kwenye kona ya mwisho ya balkoni, palipo na ubao unaotutenga na jirani. Kuviweka pamoja kungekuwa kuhesabu kitu kimoja na kujidanganya kwamba umehesabu mara mbili.

Jirani ni mama kutoka Bukavu. Ana watoto wanne na anafanya usafi maofisini. Kila Jumamosi mchana huwasha jiko la mkaa kwenye balkoni yake na kuchoma mishikaki ya mbuzi. Mkataba wa nyumba unakataza mkaa. Sote tuliusaini, na nadhani jengo zima mimi peke yangu ndiye niliyeusoma, lakini sikuwa nimeajiriwa kuusoma kwa sauti. Isitoshe, kila Jumamosi mlango wangu uligongwa na sahani ikaingia. Mishikaki sita. Haikuwahi kuwa mitano.

Kwenye ramani ilionekana wazi. Jumamosi saa nane mchana kipima cha pili kinapanda kama kimeitwa, cha kwanza kinafuata nyuma kidogo, chini kidogo. Nikawaza: mtafiti mmoja huko atadhani msitu unaungua. Kulikuwa na nafasi ya kuandika maelezo, nikaandika, kila wiki, kwa utulivu: moshi wa jiko la mkaa, balkoni ya jirani, ng'ambo ya ubao, si moto wa msitu. Wiki kumi na nne. Mratibu aliniandikia barua pepe akasema hajaona maelezo safi kama yangu. Niliichapisha nikamwonyesha msimamizi wangu kazini.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, mama wa Bukavu aligonga mwenyewe. Mkononi alikuwa na bahasha ya ofisi ya jengo.

"Papa, unisomee hii karatasi. Mimi naona tu milima."

Tukakaa mezani, binti yangu kando anakula mkate. Barua ilikuwa kurasa mbili. Ya kwanza ilisema kumekuwa na malalamiko ya moshi, kwamba mkaa kwenye balkoni ni kuvunja mkataba, kwamba mkataba hautaongezwa na nyumba irudishwe mwisho wa mwezi. Kama ana la kujitetea, aje ofisini Ijumaa. Ya pili ilikuwa hiyo milima. Mistari miwili, mmoja juu, mmoja unafuata nyuma kidogo, chini kidogo. Niliifahamu kabla sijasoma neno. Chini ya mchoro ofisi ilikuwa imenakili maelezo, neno kwa neno: moshi wa jiko la mkaa, balkoni ya jirani, ng'ambo ya ubao. Jina langu halikuwepo. Leseni yangu haikumlazimisha mtu kulitaja.

Nikamtafsiria. Malalamiko nikasoma, mkataba nikasoma, mwisho wa mwezi nikasoma, Ijumaa nikasoma. Milima nikamwambia ni namba za mashini ya kupima moshi, bila kusema ya nani. Kufika kwenye maelezo nikakunja karatasi.

Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kwamba baba ameruka mstari. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba ule mstari ni wetu.

"Mutoto anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema ana njaa."

"Ah, maskini." Akainuka, akaenda kwake, akarudi na sahani ya mishikaki ya jana yake, imepashwa moto. Binti yangu akanitazama, akaitazama sahani, akaondoka mezani. Nilibaki nayo mwenyewe. Nilikula miwili kwa sababu mama alikuwa amesimama akiningoja nile.

Jumatatu, saa ya chakula, nilikaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali nikampigia mratibu. Nilijipanga kama mtu anayekwenda kununua marobota: unaanza mbali, unasogea polepole.

"Nataka namba zangu zote zifutwe."

"Haiwezekani. Ziliachiwa watu wote. Kuna waliokwishazipakua, na wana haki nazo sawasawa na wewe."

"Basi maelezo tu. Namba zibaki."

"Maelezo yako chini ya leseni hiyo hiyo."

"Jumamosi tu. Nyingine zote chukueni."

"Naweza kukuficha ndani ya duara kuanzia leo. Ya nyuma yameshatoka."

"Nakurudishia kifaa cha pili."

"Ukipenda, kilete. Hakitarudisha kitu."

Nimepatana bei na watu wabishi, walevi, na polisi wawili. Sikuwahi kupatana na mtu asiye na kitu mkononi. Hakuwa ananikatalia. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa cha kila mtu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniuzia.

Nikamweleza mambo ya jirani. Nikasikia anavuta kiti. Akasema amesikitika, na nadhani alisikitika kweli. Lakini akaniuliza, kama mtu angeweza kuondoa namba zake baada ya kuzitoa, siku kiwanda kikimlipa mtu anayekaa karibu nacho aondoe zake, watoto wenye pumu wa mtaa ule wangebaki na nini? Nina mtoto wa namna hiyo.

"Kuna njia moja," alisema kabla hatujaagana. "Kama kifaa kilikuwa kibovu, unaweza kuandika sahihisho, na kila atakayefungua ataliona. Je, kilikuwa kibovu?"

Viko viwili. Vinakubaliana wiki zote kumi na nne. Mimi mwenyewe ndiye niliyedai cha pili ili nijue kama cha kwanza kinadanganya.

"Nitafikiria," nikamwambia, nikarudi stoo kuhesabu glavu, nikakosea boksi moja.

Jana mama alikuja tena. Safari hii alikuwa na mpango. Jiko ameshaliondoa, lakini hana pa kwenda. Amezungukia majengo matatu, kila mahali wanamuuliza kwa nini anaondolewa alikokuwa. Anamshuku muuguzi Mkenya wa ghorofa ya juu. Ameacha kumsalimia, na watoto amewakataza kucheza na wa kwake.

"Yule ndiye alinifanyia," alisema. "Ananusa nyama yangu bure na bado ananichongea."

"Huna uhakika, mama."

"Nani mwingine? Wewe?" Akacheka. Mimi pia nikacheka, kidogo, kiasi kile kinachohitajika.

Kisha akanishika mkono. "Papa, vendredi, ile Ijumaa yao, utaenda na mimi kule biro ya jengo. Mimi Kingereza inanikatalia. Wewe uko mutu ya hesabu, kazi yako ni kuhesabu mu hopitali. Utawaambia ile mashini inadanganya. Wewe watakusikiliza."

Nilimwambia nitaenda. Sijui ningesema nini kingine mtu akiwa amenishika mkono.

Sasa nimekaa na hesabu hii na nimeirudia zaidi ya mara mbili. Nikienda na kusema kipima kinadanganya, meneja wa jengo anajua vizuri kikombe kimefungwa kwenye balkoni ya nani. Atageuza karatasi na kuniuliza maelezo yale aliandika nani, mbele ya mama. Nikienda na kusema ukweli, nimetoa ushahidi dhidi ya mtu aliyenileta nimtetee. Nikiandika sahihisho kwenye ramani, namba za binti yangu, zile za siku za moshi wa Kanada ambazo daktari wake ameanza kuzitumia, zitakuwa za kifaa kibovu pamoja na za mama. Nisipokwenda, ataingia mle peke yake na Kiingereza kinachomkatalia. Na nikimwambia leo, kabla ya Ijumaa, atakuwa amepoteza nyumba na mkalimani siku moja, na kule juu muuguzi wa watu amekosa salamu kwa dhambi yangu.

Binti yangu anasema nimwambie leo. Anasema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza jambo hilo linakuwa fupi sana.

Mratibu, niliyempigia tena leo asubuhi, anasema mimi na mama twende wote wawili, tuombe onyo badala ya kufukuzwa, na mimi nitoe namba za wiki nzima kuonyesha kwamba ni saa mbili tu kwa wiki na jiko limeshaondolewa. Hilo nimelipenda, kwa sababu ni kupatana bei. Ila kulifanya lazima kwanza niseme mbele ya mama namba hizo zimetoka wapi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, huenda umewahi kutoa kitu kwa moyo safi kikamwangukia mwingine. Ofisi inafunguliwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Leo ni Jumatano. Nimwambie kwangu mezani, au nimwache ayasikie kule ofisini, kutoka kinywani mwangu, nikiwa bado namtafsiria? Naomba unishauri, na tafadhali uwe na sababu.