Baba Mkubwa wa Kuazima

Mama yetu alizaa watoto watatu kwa mume mmoja, na kila mmoja akatoka na rangi yake. Mimi wa kwanza nilitoka mweusi kama yeye, nywele za kuvunja kitana, ila pua ni ya baba, ndefu na nyembamba, kama iliwekwa hapo kwa makosa. Wa pili, wa kiume, alitoka na rangi ya andazi lililoiva vizuri na nywele za mawimbi, na mtaani wakamwita Mwarabu. Wa mwisho, msichana, alitoka mweupe kabisa. Mama alikuwa akisema kwamba alianza na wino mwingi, ukamwishia njiani. Baba, Mgiriki aliyekuja Bujumbura kutengeneza malori na kubaki hata baada ya malori kuondoka, alijibu kwamba sivyo, fundi ndiye aliyekuwa akizoea kazi polepole. Siku aliyosema hivyo alikula muhogo mkavu bila mboga.

Baba alifariki kwanza, kwa ugonjwa wa moyo. Mama akamfuata kabla mdogo wetu hajatimiza miaka mitatu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha shule darasa la sita, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaanza kufua nguo za watu.

Hapo ndipo vichekesho vilipoanza. Nikipita mtaani kwetu Mutakura na mtoto mweupe mgongoni, wanawake waliniuliza nafanya kazi kwa muzungu gani, na kama huko wanahitaji mtu mwingine. Nikisema huyu ni mdogo wangu, tumbo moja, walicheka mpaka wakashika ukuta. Mwishowe nilichoka kueleza. Nikawa nasema bosi wangu ni huyu huyu niliyembeba, ni mkali sana, ananiamsha alfajiri, na tangu nianze kazi hajanipa likizo hata moja.

Baadaye nilijifunza kushona kwa mama mmoja kule Cibitoke, nikafikiri nimepata dawa. Kila sikukuu nilinunua kitambaa kimoja na kukata humo humo gauni langu, shati la yule kaka yetu wa pili na kigauni cha mdogo, ili mtu akituona tu ajue tumetoka nyumba moja. Haikusaidia sana. Pasaka moja mzee alitusimamisha njiani akauliza tunaimba kwaya ya kanisa gani.

Miaka ikaenda hivyo. Kaka akawa fundi wa simu, na mdogo wetu akamaliza shule, akapata kazi katika duka la dawa. Huko ndiko alikompata kijana wake, fundi umeme wa Gasenyi, Mrundi mpole ambaye hucheka kabla hajamaliza kusema kinachochekesha. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani, alitengeneza soketi ya cherehani yangu bila kuombwa. Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeshakubali.

Tatizo lilikuwa nyanya yake. Yeye ndiye aliyemlea, na neno lake ndilo la mwisho. Alikuwa amesikia kwamba mjukuu wake anataka binti wa wazungu, na hakupenda. Alituma ujumbe kwamba atakuja mwenyewe siku ya kuposa, na atauliza ukoo wetu. Akikuta watu, atakaa. Akikuta wazungu tu, atarudi na pombe yake. Kijana alimwambia mdogo wangu wazi kwamba nyanya akikataa, yeye hataweza kumvuka. Mdogo wangu alinieleza hayo bila kulia, kisha akaenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Ukoo, kwa watu wa hapa, mtoto huchukua wa baba. Baba alituachia spana na nyundo mbili. Ukoo wake ulibaki Ugiriki, na kama uliwahi kutuulizia, barua haikufika. Usiku na mchana nilijiuliza nitasema nini.

Kaka ndiye aliyeleta wazo. Tuazime baba mkubwa.

Jirani yetu, muuza vipuri vya pikipiki, ni Mwislamu aliyekulia mtaa wa Buyenzi, ambako watu wake wamekaa toka zamani. Babu wa babu yake alitoka Omani, na bibi zake wote ni wa huku huku. Kwa hiyo rangi yake ilikuwa katikati yetu sisi watatu. Kaka alipanga benchi uani ili nione. Akanikalisha mimi mwanzo, yeye akafuata, kisha mzee, kisha akaweka mto mweupe mahali pa mdogo wetu. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama mpiga picha.

"Sasa tunaeleweka," akasema.

Ningeweza kukataa. Nyumba ilikuwa yangu na aibu ingekuwa yangu. Lakini nilimwona mdogo wangu akitazama lile benchi kwa matumaini, nikanyamaza. Desturi pia ilinisaidia kunyamaza, maana siku ya kuposa mwenye binti hasemi. Kila upande huleta msemaji wake, na wasemaji hao hutaniana na kushindana kwa maneno huku wenye mambo wamekaa kimya.

Mzee alikubali haraka mno. Alitoa sharti moja tu, kwamba bia isiwekwe karibu naye. Mimi nikampa maneno matatu ya kusema: baba alitoka mbali, amezikwa hapa, msichana ni wetu. Akanijibu kwamba maneno matatu ni machache kwa mtu aliyevaa kanzu mpya. Ningepaswa kuogopa hapo hapo.

Wageni walifika Jumamosi alasiri. Nilikuwa langoni, bado nimejifunga kitenge cha jikoni juu ya gauni la sherehe, kwa sababu wali ulikuwa haujakauka. Shangazi wa kijana aliniangalia, akanipa kikapu kizito chenye unga wa ulezi na ndizi, akaniambia nimpelekee mama wa nyumba. Nikasema ndiyo, mama. Nikaingia nacho chumbani, nikajipokelea, nikajishukuru, nikarudi.

Nilipokaa mwanzo wa benchi, niliona kabisa kwamba kwao mimi ni mtu anayelinda sufuria. Nyanya aliketi mbele yetu, mwembamba, fimbo mkononi. Alimtazama kaka, akamtazama mzee, akatazama mlango ambako mdogo wangu alikuwa amefichwa nyuma ya pazia. Mimi macho yake yaliniruka.

Msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu. Alianza kwa Kifaransa kirefu kilichopigwa pasi, na upande wao wote wakatuangalia sisi kuona kama tunaridhika. Kaka alijibu asante kwa neno moja tu, merci. Mwalimu akaonekana kupumua, akahamia Kiswahili. Alisema kijana wao ni fundi umeme, anawasha nyumba za watu wote, ila kwake mwenyewe ni giza, na wamesikia taa iko hapa. Mzee wetu akajibu kwamba taa hii ni ghali, haikabidhiwi mtu anayeshika waya na mikono yenye maji. Watu wakacheka. Nyanya naye alicheka kidogo, nikaanza kufikiri kaka yangu ana akili.

Ndipo mwalimu akauliza kwa heshima, taa hii ni ya ukoo gani.

Mzee alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Akaanza na baba yake. Akaenda kwa babu, akavuka ziwa, akapita Ujiji, akapumzika Tabora, akaendelea mpaka Maskati, na bado sauti ilikuwa haijachoka. Akataja mababu saba. Mmoja alikuwa kadhi, mwingine alijenga msikiti kwa mikono yake. Marehemu baba yetu, aliyekula nyama ya nguruwe kila Jumapili mpaka alipoingia kaburini, akawa ghafla kitukuu cha kadhi.

Wageni wetu ni Wakatoliki wa tangu ubatizo wa babu zao. Nilimwona baba mdogo wa kijana akisukuma kreti ya bia chini ya kiti kwa kisigino, polepole. Mwalimu akakohoa, akauliza kama basi binti husali Ijumaa.

Hapo mzee alikwama. Ukoo wake aliweza kutuazima bila shida, lakini juu ya sala ya mtu hakuweza kusema uongo. Akamtazama kaka. Kaka akaniangalia mimi. Nyanya akaikita fimbo ainuke.

"Tugende," akamwambia shangazi kwa Kirundi, twende. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikasimama.

"Koko, kaa kidogo," nikasema, kama tunavyomwita nyanya kwetu. "Huyu muzee ni jirani. Tulimwazima."

Shangazi aliniambia nirudi kwenye sufuria zangu, mambo haya ni ya wenye nyumba. Nyanya akainua mkono kumnyamazisha.

"Mulimwazima?"

"Ndiyo, koko. Ukoo ule ni wa kweli, lakini ni wake. Haiko wetu."

"Na we ni nani?"

"Mi ni mukubwa wa huyu musichana. Baba yetu alikuwa muzungu, fundi wa malori, ukoo wake hatuujui. Mama ni wa Uvira. Walipokufa, mi ndo nilibaki nao."

Alinitazama usoni muda mrefu, na alipofika kwenye pua akasimama hapo. Nilidhani ataniuliza kama nina ushahidi. Badala yake aliniuliza mdogo wangu aliugua nini utotoni. Nikamwambia surua, na masikio kila msimu wa mvua. Aliuliza anaogopa nini. Nikasema kuku, kabisa, hata wa kuchinjwa. Akauliza akikasirika anafanya nini.

"Hasemi kitu. Anafagia. Ukiona uwanja umefagiwa mara mbili, ujue kuna neno."

Kutoka katikati ya vijana wao bwana harusi aliangua kicheko peke yake, akajiziba mdomo. Ilionekana naye ameshafagiliwa uwanja.

Nyanya hakucheka. Aliegemea mbele. Alisema anajua watu walimwambia anakataa rangi. Rangi haimhusu, hata macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

"Nauliza ukoo juu ya kitu kimoja," akasema. "Huyu wangu ana kichwa ngumu. Siku moja watagombana. Siku hiyo mi nitapeleka maneno kwa nani? Ng'ambo ya bahari?"

"Utaleta hapa, koko. Mulango wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga. Niko kwa cherehani kila siku."

"Na kama kosa ni la huyu wako?"

"Mi ndo nitamusema wa kwanza."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Nilikuwa na majibu juu ya nywele, juu ya pua, juu ya nani alizaa nani. Hili hakuna aliyewahi kuniuliza, na jibu lilitoka lenyewe.

Nyanya aliiweka fimbo chini. Kisha akamgeukia mwalimu mstaafu na kumwambia naye akae, Kifaransa chake hakina kazi leo. Ikajulikana kwamba yeye si mtu wa ukoo wao hata kidogo. Walimwomba parokiani, kwa sababu walihofia kufika kwa wazungu na kukosa mtu wa kujibu. Mzee wetu na mwalimu wao walitazamana, na bila kuambiwa na mtu wakabeba viti vyao, wakaenda kukaa pamoja pembeni, soda kwa mmoja na bia kwa mwenzake. Nilisikia mzee akianza tena na kadhi.

Shangazi alinisogelea, hajui aweke wapi mikono. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama kile kikapu kilimfikia mama wa nyumba. Nikamwambia kilifika salama, na mama ameshukuru sana.

Lakini nyanya alikuwa hajamaliza. Alisema posa iliyosemwa kwa midomo ya kuazima haihesabiki, na yeye hajashuka mpaka Mutakura kwa miguu yake mibovu kuja kufanya mchezo. Akaamuru upande wao wote watoke, mpaka nje ya lango, na pombe yao, wabishe upya. Wakatoka, wengine wanalalamika, wengine wanacheka, kreti ya bia ikapita mbele yangu mara ya pili. Kaka alibomoa mpangilio wake wa benchi na kuweka kiti kimoja katikati ya uwanja. Nikavua kitenge cha jikoni, nikakaa.

Wakabisha. Nyanya aliingia wa kwanza, peke yake mbele, akasimama hatua mbili kutoka kwangu. Alisema wametoka Gasenyi, wamechoka, na wamesikia kwamba hapa kuna msichana.

Desturi inataka anayesemea binti akatae kwanza, tena akatae kwa uso mkavu. Wiki nzima nilikuwa nikiomba wageni hawa wasiondoke, na sasa ilinibidi niwafukuze. Nikakunja mikono.

"Musichana?" nikasema. "Hapa apana musichana. Labda munatafuta nyumba ingine."

Nyuma ya pazia mtu alipiga mguu sakafuni kwa nguvu. Nyanya alisikia, nami nilisikia, na hakuna aliyegeuka. Akavuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa goti kwa goti na mimi, akasema si kitu, yeye hana haraka, atangoja.