Ng'ombe wa Shemeji

Makala yangu inayonukuliwa kuliko nyingine zote ina kosa, na kosa hilo ni langu.

Niliiandika baada ya kuchukua damu ya ng'ombe wa Natta, karibu na mbuga, na wa kwetu Nyarero, huko Tarime, mbali na hapo. Maabara ilionyesha vimelea vya ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, vyenye vinasaba vilevile pande zote mbili. Kwa kuamini kwamba ng'ombe wa pande hizo hawakutani, nikahitimisha kwamba wanyamapori ndio waliovisambaza. Wenzangu wa nchi za mbali waliipenda, wakainukuu, na mimi, sifichi, nilizoea kufungua kompyuta kila asubuhi kutazama idadi ikipanda kabla hata ya kunywa uji.

Mwaka jana niliomba kupandishwa cheo. Makala zangu nyingine hazisomwi na mtu zaidi ya wanafunzi wangu, tena kwa kulazimishwa. Ombi lote liliegemea hiyo moja.

Wiki hiyohiyo nilirudi Natta kuchukua sampuli nyingine. Nilimkuta mama mwenye mji akikamua, nikamwamkia shikamoo, nikamsifia ng'ombe mwekundu niliyemtoa damu safari ya kwanza. Akasema huyo atarudishwa karibuni kwa shemeji yake, Nyarero. Wao walikuwa wanamtunza tu.

Nikamuuliza mbona wakati ule walisema ni wao.

"Uliuliza ni wa nani," akasema, bila kuacha kukamua. "Mbele ya mgeni, anayelala zizini mwangu ni wangu."

Nilisikia aibu mpaka masikioni. Mimi ni mtoto wa Mkurya. Nimesomeshwa kwa ng'ombe ambao baba aliwaweka kwenye mazizi ya marafiki, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize wote. Nilijua kabisa kwamba ng'ombe huwekeshwa, na kwamba hakuna anayemtangazia mgeni. Lakini siku ile nilivaa koti jeupe nikauliza kama mgeni, nikajibiwa kama mgeni.

Tulizunguka naye zizi zima. Karibu nusu ya wale niliowaandika kuwa wa Natta walikuwa wametembezwa kwa miguu kutoka Tarime, na vimelea vyao damuni.

Mwenzangu wa ofisini alinishauri ningoje kamati ya kupandisha vyeo ikae kwanza, maana nani angejua? Nilikasirika, hasa kwa sababu nilikuwa nimeshawaza hivyohivyo njiani. Siku hiyo niliwaandikia wahariri wa jarida kuomba makala iondolewe. Kamati nayo nikaitumia nakala.

Cheo sikupata. Makala imepigwa mstari mwekundu, na jina langu liko juu yake.

Mwezi uliofuata nilikuwa Natta tena, na sindano na fomu mpya. Mama yule alitaka nimsomee swali la kwanza. Nikamsomea: "Huyu alizaliwa zizi la nani?"

Akasogeza kigoda chake karibu, akaniambia nikae, kwa sababu majibu yangekuwa marefu.